Lafudhi ya Mshukiwa

Maiti ya mwanamume imeokotwa alfajiri kwenye yadi ya treni ya Kamata, jijini Tokyo. Uso umepondwa hata hautambuliki, na mifukoni hamna kitu cha kumtaja jina. Polisi wana jambo moja tu la kushika. Usiku uliotangulia, marehemu alionekana kwenye baa ya jirani akizungumza na mtu mwenye umri mdogo kuliko wake, na waliokuwa karibu walisikia neno "Kameda" pamoja na lafudhi ya Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani. Mpelelezi Imanishi anapanda treni hadi mji wa Kameda, mkoani Akita, anazunguka na kurudi mikono mitupu. Baadaye sana ndipo anapofahamu kwamba pembe nyingine ya nchi, Izumo, mbali kabisa upande wa magharibi, ina matamshi yanayofanana na yale. Na huko kuna mahali panapoitwa Kamedake.

Hiyo ni *Suna no Utsuwa*, riwaya ya Matsumoto Seicho iliyotoka kama kitabu mwaka 1961. (Asiyeisoma asinune, muuaji bado yuko mbali.) Msomaji aliyekulia Eastlands ya Nairobi hahitaji kuelezwa mara mbili kilichotokea kwenye baa ile. Mtu akifungua kinywa stejini, wenzake wanakisia kama ni wa Dandora, wa Buruburu au wa Kaloleni. Sheng ya mtaa mmoja si ya mtaa wa pili, na anayejifanya mwenyeji hunaswa na neno moja lililokwisha kupitwa na wakati.

Sikio hilo ni mtaji, na kuna vijana wa Umoja, Donholm na Kayole wanaoanza kulitumia mahali ambapo wazazi wao wasingepawaza. Anime na drama za Korea ziliingia mitaani kitambo, kupitia movie shop za pembeni mwa barabara ambako jamaa anakuwekea msimu mzima kwenye flash. Wengine huishia kutazama tu. Wengine huchoka kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya skrini na kuamua kuitafuta lugha yenyewe. Kijapani kinafundishwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kikorea kinafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, hufanyiwa papa hapa jijini kila Desemba. Tangu mwaka 2010 mtihani huo una ngazi tano, kutoka N5 ya wanaoanza hadi N1 ya waliobobea.

Matatizo huanzia katikati ya ngazi hizo. Kitabu cha kiada kimekwisha, na Bwana Tanaka wake ameshauliza njia ya kwenda posta hadi msomaji anatamani apotee. Gazeti bado ni gumu. Riwaya ya mapenzi inasomeka, lakini mwanafunzi anaruka sentensi tatu hapa, tano pale, na hadithi haimdai chochote. Mwalimu mkali anayehitajika wakati huo ni muuaji.

Riwaya ya upelelezi hairuhusu kuruka. Chembe ndogo ya sarufi iliyopuuzwa kwenye ukurasa wa 30 ndiyo inayomfunga mtu pingu kwenye ukurasa wa 300. Isitoshe, ni aina ya hadithi ambayo msomaji huirudia kwa hiari. Akishamjua mhalifu, anataka kurudi nyuma aone mwandishi alivyomficha waziwazi mbele ya macho yake. Usomaji huo wa pili ndio unaofundisha lugha. Sasa hatafuti tena kitakachotokea, anatazama jinsi kilivyosemwa: kitenzi kisichotajiwa mtendaji, jibu la adabu lililokwepa swali, "labda" iliyopenyezwa mahali ilipotakiwa "ndiyo".

Wataalamu wa ufundishaji wa lugha wana hesabu zao. Paul Nation wa New Zealand, aliyetumia miaka mingi kuchunguza msamiati, alifikia makadirio kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake ili asome hadithi bila msaada. Yaani maneno mawili mageni katika kila mia. Mwanafunzi wa ngazi ya kati yuko mbali na hapo. Stephen Krashen wa Marekani naye amekuwa akipendekeza tangu miaka ya 1980 njia ya kupunguza pengo hilo: soma mwandishi mmoja, au mfululizo mmoja, kwa muda mrefu, maana kila mwandishi ana maneno anayoyarudiarudia. Hakuna wanaorudiarudia kama waandishi wa upelelezi. Kitabu cha kwanza chenye askari kinamtesa msomaji kwa maneno ya mahali pa tukio, ushahidi, nia na mshukiwa. Cha pili kinamkuta ameyazoea, na cha tatu anakisoma kwenye matatu, hata barabara ya Jogoo ikiwa imefungana.

Kwa anayesoma lugha zote mbili kuna faida nyingine ambayo haitangazwi vya kutosha. Msamiati wa sheria na polisi wa Japani na wa Korea umechotwa kwa sehemu kubwa kutoka maandishi ya Kichina, hivyo maneno yanafanana kama ndugu. Mhalifu ni *hannin* kwa Kijapani, *beomin* kwa Kikorea. Nia ni *doki*, huku *donggi*. Tukio ni *jiken*, huku *sageon*. Mpelelezi wa polisi ni *keiji*, huku *hyeongsa*. Msomaji wa Kiswahili anayejua kuwa hakimu, wakili, shahidi na dhamana vilikuja na Kiarabu hashangai. Mahakama duniani kote hupenda kuazima lugha ya wasomi wa zamani.

Mitaani, hata hivyo, hakuna anayesema *keiji*. Katika hadithi za Kijapani mpelelezi huitwa *deka*, na asili ya neno hilo itamchekesha mtu wa Eastlands. Zama za Meiji askari kanzu walivaa kimono yenye mikono ya mraba, *kakusode*. Wahuni wakaligeuza neno kinyumenyume na kulikata katikati wapate lao wenyewe. Ndivyo Sheng ilivyoichukua "stori" ikaitoa upande wa pili ikiwa "risto". Kijana aliyezoea kuwasikia polisi wakiitwa karao leo na sanse kesho yuko tayari kwa mchezo huo kabla hajafungua kamusi.

Kisha kuna suala la nani anamwambia nani nini. Kikorea kina ngazi za usemi zinazobadilisha mwisho wa kitenzi: *banmal* kwa rafiki na mdogo wako, *jondaetmal* kwa mkubwa na mtu usiyemjua. Kitabu cha kiada kinazieleza kwa jedwali, na jedwali halimsisimui mtu. Katika chumba cha mahojiano mambo ni tofauti. Mpelelezi anaanza kwa heshima zote. Mara anaamua kwamba aliye mbele yake ni mwongo, na heshima inadondoka katikati ya swali. Hakuna maelezo ya mwandishi kwamba "alikasirika", kitenzi kimeshasema. Mtoto wa Jericho anayemwambia rafiki "niaje", mama wa jirani "habari yako mama", na mzee wa duka "sasa buda" siku akiwa na ujasiri, anaelewa kabisa kilichotokea chumbani humo.

Majina nayo huwachosha wageni, na wengi huacha kitabu hapo. Mtu mmoja anaitwa kwa jina la ukoo na wenzake, kwa cheo na wadogo zake kazini, kwa jina la utotoni na dada yake. Wanawake wa Korea wenye watoto huitwa kwa jina la mtoto. Msomaji wa London au Chicago hulalamika. Kwenye ploti za Umoja, Mama Brayo ameishi mlango wa tatu kwa miaka mingi bila majirani kulijua jina lililo kwenye kitambulisho chake. Ayatsuji Yukito alilitumia jambo hili kwa ustadi katika *Jukkakukan no Satsujin* ya mwaka 1987. Wanafunzi wa chuo, wanachama wa chama cha wapenzi wa hadithi za mauaji, wanakwenda kisiwani, na wote wanaitana kwa majina ya waandishi wa kigeni: Ellery, Carr, Poe, Agatha. Wanaanza kuuawa mmoja mmoja. Ni sentensi moja fupi, ikiwa imebaki safari kidogo kufika mwisho, inayopindua kila kitu, na anayeisoma kwa Kijapani chake mwenyewe bila msaada wa mtu hatausahau ukurasa huo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapompa msomaji wake nafasi ambayo Kiingereza hakimpi. "Alifungua mlango, akavua viatu, akaketi." Nani? Mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi wala hakiulizi. Kijapani na Kikorea huenda mbali zaidi, maana mara nyingi mtenda hatajwi kabisa. Waandishi wa Japani wamejenga tawi zima la riwaya juu ya mapengo ya namna hiyo, wanaliita *jojutsu torikku*, hila ya usimulizi: anayedanganya si muuaji anayewadanganya polisi, ni mwandishi anayemdanganya msomaji kwa kuficha umri, jinsia, wakati au mahali bila kuandika uongo hata mmoja. Mfasiri wa Kiingereza hutokwa na jasho, kwa kuwa lugha yake inamlazimisha achague mume au mke mapema. Mfasiri wa Kiswahili, siku atakapojitokeza, atavuka mto huo bila kuloa. Mwanafunzi lakini asijisahau. Kijapani kina namna nyingi za kusema "mimi", na *ore* ya wanaume si *atashi* ya wanawake. Asiyejua tofauti hiyo hutumbukia shimo ambalo Mjapani analiona, na hupita salama pale Mjapani anapotumbukia.

Historia ya hadithi hizi inafanana na ya kwetu kuliko inavyodhaniwa. Hirai Taro, aliyezaliwa mwaka 1894, aliipenda kazi ya Edgar Allan Poe kiasi cha kulitamka jina hilo kwa ulimi wa Kijapani na kujiita Edogawa Ranpo. Hadithi yake ya kwanza, *Nisen Doka*, ilitoka mwaka 1923, na miaka miwili baadaye akamzaa mpelelezi Akechi Kogoro. Mkorea Kim Nae-seong alianza kuandika mwaka 1935, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Japani, na akaanza kwa Kijapani, lugha ya mtawala, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waseda. Riwaya yake ya Kikorea *Main* ilifuata mwaka 1939. Kwa hiyo baba wa riwaya ya upelelezi ya Korea alikuwa yeye mwenyewe mtu aliyejifunza lugha ya pili kwa kusoma na kuandika mauaji.

Upande wa huku, Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wake ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, na yeyote aliyemsoma Conan Doyle anajua kiko hicho kilitoka kwa nani. Mtanzania Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965, kisha wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kijana wa Maringo anayemsoma Bwana Msa ni mwanafunzi wa lugha pia, hata kama matokeo yake ya KCSE hayasemi hivyo. Kiunguja cha Abdulla kina misemo, vyakula, mavazi na namna za kuombana radhi ambazo hazikupita kamwe kwenye barabara ya Jogoo, na anaivumilia kamusi kwa sababu ile ile atakayoivumilia ya Kijapani: kuna mtu amekufa, na anataka kujua ni nani aliyemuua. Asiyewahi kusoma riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili afadhali aanzie hapo. Mbinu za kusoma atakazojifunza zitamfaa baadaye bila kulipa ada ya darasa lolote.

Swali la pesa haliepukiki. Vitabu vya Kijapani na Kikorea ni nadra Nairobi. Wauza vitabu wa inama, wale wanaotandaza mitumba ya vitabu kando ya barabara za katikati ya jiji, huwa na Agatha Christie na James Hadley Chase kwa wingi, lakini atakayekuta riwaya ya Kijapani pale chini amebahatika. Njia nafuu iko kwenye simu. Ranpo alifariki mwaka 1965, na hakimiliki ya kazi zake ilimalizika Japani kabla nchi hiyo haijarefusha muda wa ulinzi kutoka miaka 50 hadi 70. Hadithi zake sasa zinasomwa bure kwenye Aozora Bunko, maktaba ya mtandaoni inayoendeshwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1997. Anayekosa meza tulivu nyumbani ana maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, lilizikarabati pamoja na kushughulikia maktaba kongwe ya McMillan katikati ya jiji.

Lakini asianze na Ranpo yeyote tu. Hadithi za awali zina Kijapani cha miaka ya 1920 na herufi zinazomtisha hata Mjapani wa leo. Cha kuanzia ni *Kaijin Niju Menso* ya mwaka 1936, iliyoandikwa kwa ajili ya watoto katika jarida la *Shonen Kurabu*. Msimulizi anazungumza na msomaji kwa adabu, kwa vitenzi vile vile vya *desu* na *masu* vilivyo kwenye kitabu cha kiada, na jambazi mwenye sura ishirini anatangaza mapema atakachoiba. Matoleo ya watoto huandika matamshi kwa herufi ndogo kando ya zile za Kichina, msaada mkubwa kwa lugha ambayo serikali yake imeorodhesha herufi 2,136 za matumizi ya kawaida. Katuni za *Meitantei Konan* za Aoyama Gosho, zinazotoka tangu mwaka 1994, zina msaada huo huo. Anayelitazama jina la shujaa wake, Conan Edogawa, anaona mababu wawili ndani yake.

Anayejifunza Kikorea ana nafuu ya mwanzo. Hangul ina herufi 24 za msingi na mtu makini huzijua ndani ya siku chache. Shida yake huja baadaye. *Salinja-ui Gieokbeop* ya Kim Young-ha, ya mwaka 2013, mara nyingi hupendekezwa kwa wanafunzi kwa kuwa ni fupi na sentensi zake ni fupi zaidi. Msimulizi ni daktari wa mifugo mstaafu mwenye miaka 70, aliyeua watu wengi na kuacha, na ambaye sasa ugonjwa wa Alzheimer unamla kumbukumbu. Lugha ni nyepesi kweli. Mtego ni kwamba mwanafunzi akikuta jambo linalopingana na la jana hujilaumu kwanza: nimesoma vibaya? Anarudi, anapekua kamusi, anahesabu viambishi. Sarufi yake ilikuwa sawa. Mzee ndiye aliyesahau. Kuna ukatili kidogo katika kumpa mwanafunzi kitabu hicho bila kumwonya, ila mashaka hayo ndiyo yanayomfanya asome kwa makini kuliko mtihani wowote.

Baada ya hapo mlango unaofunguka zaidi ni Higashino Keigo, mhandisi wa zamani wa kampuni ya vipuri vya magari aliyeshinda Tuzo ya Edogawa Ranpo mwaka 1985. Mazungumzo ni mengi, maelezo machache, na *Yogisha X no Kenshin* ya mwaka 2005, iliyompatia Tuzo ya Naoki, inamtaja muuaji na kuonyesha mauaji yenyewe mwanzoni kabisa. Kinachobaki ni kujua mwalimu wa hisabati anayeishi mlango wa pili alifanya nini kumficha. Kwa mwanafunzi huo ni mpango mzuri: hata akipoteza aya nzima, anajua nani ni nani. *Out* ya Kirino Natsuo, ya mwaka 1997, ni ngumu zaidi na ina damu nyingi. Wahusika wake ni wanawake wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungasha, na aliyewahi kupiga foleni ya kibarua Industrial Area atawatambua kabla hajafika kwenye maiti.

JLPT, hata hivyo, haiulizi maneno ya maiti. Aliyeshinda mwaka mzima na wauaji atalijua jina la kila aina ya kisu, kisha akwame kwenye barua ya benki. Dawa yake ni *Kasha* ya Miyabe Miyuki, ya mwaka 1992, iliyotengenezewa filamu Korea mwaka 2012 kwa jina la *Hwacha*. Mwanamke anatoweka mara tu mchumba wake anapogundua kwamba aliwahi kutangazwa muflisi, na askari aliye likizo anamtafuta. Njiani msomaji anapitia kadi za mkopo, riba, wadai wanaopiga simu usiku, mawakili wa madeni na rejesta za familia, kurasa kwa kurasa. Ni Kijapani kigumu cha ofisini, kisichomezeka kwa urahisi kwenye kitabu cha kiada. Mkazi wa Kayole aliyewahi kuchukua mkopo wa simu, akachelewa kulipa, akasikia wakala anawapigia jamaa zake mmoja mmoja, atakimeza.